Pikapu inakunywa lita nzima ya maji kwa wiki na chini hakuna hata tone. Yanaenda wapi?

#1 Pikapu Kongwe
Wakuu, habari. Nina pikapu ya dizeli ya mwaka 1996, silinda nne, haina tabo, gia za mkono. Imeshatembea kilomita laki nne na ushee, na hadi mwezi uliopita haikuwa na neno. Sasa kila wiki naongeza lita moja ya maji. Mshale wa joto unakaa palepale katikati, haijachemsha hata siku moja. Oili haipungui. Naegesha usiku, asubuhi nachungulia chini, pakavu. Hozi zote nimezipapasa, kavu.

Fundi wa kwanza aliangalia dakika mbili akasema gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku, tufungue. Wa pili akasema rejeta imechoka, nitafute nyingine. Wa tatu akacheka, akasema gari za umri huo zote zinakunywa maji, niongeze tu niendelee na maisha. Mafundi watatu, majibu matatu. Kabla sijafungua injini nimeona nije huku kwanza. Maji yanaenda wapi?

#2 Nati Moja
Gasketi ya hedi hiyo. Fungua mapema kabla hedi haijapinda.

#3 Dereva Mstaafu
Nati Moja, umeshafungua hedi ya mtu kwa simu tayari.

Mleta mada, tupe vitu vya kushika. Unaongeza maji au kulanti? Mfuniko wa rejeta ni wa lini? Hita inatoa joto? Ukiwasha asubuhi moshi ukoje, na una harufu gani? Ukizima gari ikiwa moto, ukisimama pembeni ya boneti, kuna harufu tamutamu?

#4 Pikapu Kongwe
Kulanti ya kijani iliwekwa miaka mitatu iliyopita, tangu hapo nazidisha maji ya bomba tu. Mfuniko sijawahi kuubadili, nadhani ulikuja na gari. Hita siitumii kabisa. Moshi asubuhi ni mweupe kidogo, baada ya dakika mbili unapotea. Harufu tamu ipo, lakini siyo kila siku. Huwa naisikia nikiwa nimetoka safari ndefu.

#5 Ngoja Waje
Nimekaa pale nasoma. Yangu nayo ina ugonjwa huohuo, ila mimi niliamua kuwa ni uvukizaji.

#6 Mwalimu wa Fizikia
Hapo kwenye "chini pakavu" ndipo watu wengi wanapotea. Pakavu hapathibitishi kitu. Injini ikiwa moto, tone likidondokea kwenye manifoldi ya egzosti au ubavu wa bloku linageuka mvuke kabla halijafika chini. Kinachobaki ni doa tu, ukoko mweupe au wa kijani. Usitafute maji, tafuta ukoko.

Jambo la pili ni mfuniko. Siyo kizibo tu, ni vali. Mifuniko mingi ya gari za aina hiyo imeandikwa 0.9 au 1.1 juu yake, yaani bar. Ukiwa na presha ya 0.9 juu ya hewa ya kawaida, maji matupu hayachemki hadi karibu nyuzi 118, na ukichanganya na kulanti nusu kwa nusu yanapanda zaidi. Springi ikichoka, mfuniko unaachia mapema, maji yanasukumwa kwenda kwenye chupa ya akiba, chupa ikijaa yanamwagika kwa bomba lake la juu. Na hiyo hutokea ukiwa barabarani, upepo unakausha, asubuhi unachungulia chini na kusema pakavu.

#7 Spana Kumi
#6 yuko sahihi, na nadharia zote hizi zinapimika. Azima pampu ya presha ya rejeta. Injini IKIWA BARIDI, toa mfuniko, funga pampu mahali pake, pampu hadi namba iliyoandikwa kwenye mfuniko wako, usizidishe. Ukizidisha unaweza kuitoboa rejeta nzima kisha ukasema ndiyo ilikuwa tatizo. Acha robo saa, angalia mshale. Ukishuka, chukua tochi uanze kutambaa. Usiposhuka kabisa, hapo ndipo tutamsikiliza Nati Moja.

Pampu hiyohiyo huwa ina kipande cha kupimia mfuniko. Anza nao.

#8 Nati Moja
Mtanitafuta.

#9 Mzee wa Dizeli
Vijana, salaam. Kuna kitu hamjakigusa. Dizeli hula slivu, yaani bomba la chuma ambamo pistoni inapanda na kushuka. Kila mafuta yanapolipuka slivu inatetemeka, upande wa maji vinajitengeneza viputo vidogo sana, vinapasuka juu ya chuma, vinachimba. Niliwahi kufumua injini ya lori, slivu ya tatu ilikuwa na vitundu upande mmoja tu, safi kabisa, kama mtu alikaa akaidunga sindano. Kitundu kimoja kilikuwa kimetokea ndani. Maji yalikuwa yanapungua polepole hivihivi na hakuna aliyejua. Sababu ilikuwa maji matupu miaka na miaka. Kulanti ina dawa inayokinga chuma, maji ya bomba hayana.

#10 Bisibisi Nyota
Shikamoo Mzee wa Dizeli. Somo ni zuri ila ngoja nisahihishe kidogo. Slivu za kuogelea kwenye maji ni za injini za malori na mitambo mikubwa. Injini nyingi za pikapu za silinda nne za miaka hiyo, silinda zake zimetobolewa kwenye bloku lenyewe au zina slivu kavu isiyogusana na maji. Huo ugonjwa hapo si rahisi.

#11 Mzee wa Dizeli
Marahaba. Nimekubali kuhusu slivu. Kuhusu maji ya bomba sijaondoka.

#12 Mama Usukani
Mimi yangu ilinitesa miezi minne kwa sababu kila fundi alifungua boneti na hakuna aliyefungua mlango. Hita! Mleta mada anasema haitumii, lakini maji yanazunguka mle hata asipoitumia, isipokuwa gari ina koki ya kuyakata na iwe imefungwa kweli. Rejeta ndogo ya hita iko ndani ya dashibodi, ikitoboka maji yanaingia chini ya zulia upande wa abiria. Chini ya gari huoni kitu.

Dalili niliyokuwa nayo ni kioo cha mbele kufanya ukungu wenye mafuta. Unafuta kwa kitambaa, unabaki unang'aa kama umepakwa losheni. Na harufu tamu ndani ya kebini. Nyanyua zulia, bonyeza sifongo ya chini kwa kidole.

#13 Kijana wa Grisi
Angalia pia oili ya gia, kuna kipoza oili ndani ya rejeta, kikitoboka maji yanaingia kwenye giaboksi, oili inakuwa kama maziwa ya waridi.

#14 Dereva Mstaafu
Kijana, kipoza hicho ni cha gia za otomatiki, yeye amesema gia za mkono. Mstari wa kwanza kabisa.

#15 Kijana wa Grisi
😂 Nilianzia #9.

#16 Pikapu Kongwe
Nimerudi, ahsanteni. Zulia nimelinyanyua, kavu, nimeokota funguo niliyoipoteza mwaka juzi. Kioo hakina ukungu. Moja imeondoka.

Ila leo asubuhi kabla sijawasha nimeona kitu ambacho sikuwahi kukitazama. Hozi ya juu ya rejeta imebonyea, imekuwa bapa kama mtu ameikalia. Nikalegeza mfuniko, ikafanya "pwaaa" ikajaa. Na chupa ya akiba ilikuwa imejaa kuliko jana.

#17 Mwalimu wa Fizikia
Kesi imeanza kufunguka. Katikati ya mfuniko, kwa chini, kuna kivali kidogo cha pili. Injini ikipoa maji yanasinyaa, ndani kunakuwa na mvuto, kivali kinafunguka na kuyanyonya maji yaliyokwenda kwenye chupa yarudi rejeta. Chako kimeganda. Maji yanakwenda chupani lakini hayarudi, rejeta inabaki na upungufu, hozi inabonyea. Wewe unafungua rejeta, unaona imepungua, unaongeza lita. Na chupa nayo ikijaa, inamwaga.

Kwa hiyo inawezekana kabisa hakuna kinachovuja. Badili mfuniko, weka alama ya kalamu kwenye chupa injini ikiwa baridi, halafu uangalie alama, siyo rejeta.

#18 Spana Kumi
Nakubali mfuniko umekufa. Sikubali kuwa ndiyo mwisho. Harufu tamu anaisikia akitoka safari. Maji ya kwenye chupa hayanuki hivyo hadi yaguse chuma cha moto.

#19 Mwalimu wa Fizikia
Chupa ikimwaga karibu na egzosti?

#20 Spana Kumi
Chupa iko upande gani, mleta mada? Egzosti iko upande gani?

#21 Pikapu Kongwe
Chupa iko mbele kushoto. Egzosti kulia.

#22 Spana Kumi
Haya.

#23 Nati Moja
Chupa kujaa ni gesi ya silinda inasukuma maji. Gasketi. Nasema tena.

#24 Dereva Mstaafu
Nati Moja ana hoja safari hii, tumtendee haki. Gesi ikipenya kutoka kwenye silinda, chupa itajaa pia. Tofauti yake ni muda. Washa injini ikiwa baridi kabisa, dakika moja au mbili, minya hozi ya juu. Ikiwa imeshakaza kama gurudumu na maji bado hayajapata hata joto, hiyo presha haikutoka kwenye joto, imetoka kwenye silinda. Ikiwa laini na inakaza polepole kadiri injini inavyopata moto, hiyo ni kawaida.

Na tafadhali, asifungue mtu mfuniko injini ikiwa moto. Mimi mkono wa kulia una kovu kutoka kwenye kiwiko hadi kwenye saa, la mwaka 1989. Nilidhani kitambaa kinatosha.

#25 Pancha
Mnamzungusha. Nunua ile dawa ya kuziba, mwaga kwenye rejeta, endesha nusu saa, umemaliza. Mimi mwaka wa pili huu.

#26 Bisibisi Nyota
Pancha, yako ilikubali, shukuru. Mimi niliiweka, ikaziba tobo kweli. Baada ya miezi miwili hita ikawa baridi, baada ya mitatu gari ikaanza kuchemsha kwenye vilima. Rejeta ilipofunguliwa matangi, karibu nusu ya vijibomba vilikuwa na uji wa kahawia umeganda. Dawa haijui tobo la kuzibwa ni lipi na njia ya kuachwa ni ipi. Iwe ya kukufikisha nyumbani, siyo ya kuishi nayo.

#27 Pancha
Uliweka nyingi.

#28 Bisibisi Nyota
Niliweka kopo moja kama lilivyoandikwa.

#29 Pancha
Basi maji yako yalikuwa machafu kabla. Dawa inakuta uchafu inagandana nao. Yangu niliosha kwanza.

#30 Mama Usukani
Mkimaliza ya dawa, mleta mada nikupe mbinu ya bure. Osha injini, iache ikauke, kisha chukua poda ya mtoto na kibrashi cha rangi, pakaza sehemu zote unazozishuku: kwenye maungio ya hozi, kuzunguka pampu, mshono wa rejeta pale plastiki inapokutana na alumini. Endesha nusu saa. Panapovuja poda inalowa na kufanya mchirizi, unaufuata kwenda JUU hadi unapoanzia. Ukiwa barabarani feni na upepo vinarusha maji nyuma, kwa hiyo usiamini sehemu iliyolowa sana, amini ile ya juu kabisa na ya mbele kabisa.

#31 Ngoja Waje
Nimeomba poda, nimeulizwa tunatarajia lini. 😂

#32 Pikapu Kongwe
Ripoti. Nimepata pampu ya presha kwa jamaa.

Mfuniko wa zamani hauwezi kushika hata 0.4. Nimeweka mpya wa 0.9. Kipimo cha Mstaafu: hozi laini dakika ya kwanza, laini dakika ya tatu, imeanza kukaza mshale ulipokaribia katikati. Nati Moja, pole.

Halafu nikapima mfumo mzima asubuhi, baridi. Nimepampu 0.9, baada ya dakika kumi na tano imebaki 0.7. Kwa hiyo kweli kuna kitu. Nikalala juu ya boksi la karatasi na tochi, sikuona kitu kwa muda mrefu. Nikataka kuinuka, ndipo mwanga ukapiga chini ya wota pampu, nyuma ya puli. Kuna kitundu kidogo chini ya shingo ya pampu, ukubwa wa njiti ya kiberiti, kuzunguka pana ukoko wa kijani umekauka kama chumvi. Nikakaa nakitazama. Baada ya kama dakika mbili kikatoa tone, likabaki linaning'inia kwenye mdomo wa kitundu bila kudondoka. Nilihesabu hadi sabini ndipo likaachia, likaangukia kwenye kava la chini, halikufika hata sakafuni.

#33 Spana Kumi
Hongera, umempata. Kitundu hicho kimewekwa makusudi na waliotengeneza pampu. Ndani kuna sili inayotenganisha maji na beringi. Sili ikichoka, maji yanatokea hapo badala ya kuingia kwenye beringi. Unyevu kidogo sana watu wanauvumilia, lakini tone linalodondoka ni pampu ya kubadilishwa. Shika puli uitikise, ikicheza beringi nayo inaondoka, na pampu ikikatika shingo feni inaingia kwenye rejeta.

Kuna watu hukiziba kitundu hicho kwa gundi. Usifanye. Maji yatakwenda kwenye beringi.

#34 Nati Moja
Tone moja kila baada ya sekunde 70 haliwezi kuwa lita kwa wiki. Pigeni hesabu.

#35 Mwalimu wa Fizikia
Tupige. Matone 20 ni kama mililita moja. Tone moja kwa sekunde 70 ni kama 51 kwa saa, yaani mililita mbili na nusu hivi. Kwa saa 168 za wiki ni mililita 430. Lakini presha ya 0.9 haikai muda wote, gari ikipoa presha inakwisha. Kwa upande mwingine, pampu ikizunguka sili inaweza kuvuja zaidi kuliko ikiwa imesimama. Kwa hiyo lita inawezekana, na inawezekana pia isifike. Nati Moja hajashinda, lakini hajashindwa.

#36 Nati Moja
Ahsante mwalimu. Wengine mjifunze heshima.

#37 Fundi Umeme
Samahani kwa kuingia kati. Kabla hujafunga pampu mpya pima umeme kwenye maji. Sitanii. Weka mita ya umeme kwenye volti ndogo, waya hasi kwenye hasi ya betri, waya chanya utumbukize kwenye maji ya rejeta bila kugusa chuma. Pima injini imezimwa, kisha imewashwa na taa na feni vyote vinafanya kazi. Ikizidi volti 0.3, ama kulanti imekufa na imegeuka asidi, ama kuna athi mbovu, yaani waya wa kurudisha umeme kwenye betri, na umeme unapita kwenye maji. Ukiwasha kifaa kimoja ikapanda, athi ya kifaa hicho ndiyo mbovu. Nimeona rejeta mpya ya alumini ikitoboka ndani ya miezi michache kwa sababu ya waya mmoja wa athi.

#38 Bisibisi Nyota
Nilifundishwa 0.1 ikiwa rejeta ni ya alumini.

#39 Fundi Umeme
Ndogo zaidi ni bora zaidi. Hatugombani hapo.

#40 Pikapu Kongwe
Nimepima. Imezimwa 0.38, imewashwa 0.41. Kuwasha taa hakubadilishi kitu.

#41 Fundi Umeme
Basi athi haina shida, ni maji yenyewe yamekuwa betri. Mwaga yote, suuza hadi yatoke meupe, weka kulanti mpya.

#42 Mzee wa Dizeli
Niliondoka? Sikuondoka.

#43 Ngoja Waje
Swali la pembeni. Yangu ina ya kijani, naweza kuongezea ya waridi?

#44 Bisibisi Nyota
Usichanganye kwa kubahatisha. Na rangi isikudanganye, rangi ni ya mtengenezaji, haina sheria moja. Soma kwenye kopo aina ya dawa iliyomo. Za kijani za zamani mara nyingi hudumu kama miaka miwili, zile za kizazi cha baadaye kama mitano. Aina mbili zisizopatana zinaweza kukosa nguvu au kutoa ute. Na changanya na maji yaliyochujwa kwa mvuke, kama yale ya betri. Maji ya bomba yana chokaa, yanaacha magamba ndani.

#45 Pancha
Babu zetu waliendesha kwa maji ya mtoni.

#46 Mzee wa Dizeli
Sisi ndio hao babu zenu, na tulikuwa tunabadili pampu kila mara.

#47 Mama Usukani
Mkimwaga kulanti ya zamani msiiache kwenye beseni wazi. Ni tamu na ni sumu, mbwa na paka wanailamba. Nilipoteza paka hivyo.

#48 Kijana wa Grisi
Pole dada. Sikujua hilo.

#49 Pikapu Kongwe
Jumamosi nimeshinda chini ya boneti. Kazi ilikuwa kawaida: mkanda, feni, puli, boliti za pampu. Boliti mbili za chini zilikuwa zimekula kutu, nilizipulizia mafuta ya kulegeza usiku uliotangulia, zikakubali. Kilichonichelewesha ni kukwangua gasketi ya zamani, saa nzima na kisu butu, kwa sababu niliogopa kuchuna uso wa alumini.

Sasa sikilizeni. Pampu ilipotoka nikaona nyuma yake kuna kihozi kifupi, urefu wa kidole gumba, kinatoka kwenye pampu kwenda kwenye nyumba ya thamostati, ile vali inayofunguka maji yakipata moto. Ukisimama mbele ya gari hukioni kabisa. Kimevimba katikati kama chura, na ncha moja ina ufa ambao ukiukunja unafunguka. Nimekibadili pamoja na thamostati, ile yenye kijipini cha kupitishia hewa, nimekiweka juu. Nimesuuza, nimeweka kulanti mpya nusu kwa nusu. Mita sasa inasoma 0.06.

#50 Spana Kumi
Kihozi cha baipasi, cha kuzungusha maji thamostati ikiwa imefunga! Hakuna anayekikumbuka. Huenda ndicho kilikuwa kinakula lita, na pampu ilikuwa inasindikiza tu.

#51 Mwalimu wa Fizikia
Au mfuniko ndio ulikuwa unakula lita, na hao wawili walikuwa wanasindikiza. Amebadili vitu vyote kwa pamoja, sasa hatutajua kamwe.

#52 Pikapu Kongwe
Mwalimu, mimi nataka gari, sitaki shahada.

#53 Dereva Mstaafu
Umetoa hewa? Inua pua ya gari, koki ya hita iwe wazi, mfuniko nje, washa ikiwa baridi, iache hadi thamostati ifunguke, minyaminya hozi ya juu, jaza kadiri viputo vinavyotoka. Hewa ikibaki kwenye hedi mshale unaweza kusema uongo.

#54 Pikapu Kongwe
Nimetoa, viputo vilitoka kama robo saa kisha vikaisha. Nimepima presha tena, 0.9 imekaa robo saa bila kusogea.

Siku ya nne leo. Nilichora alama kwenye chupa. Imeshuka upana wa kidole kimoja.

#55 Nati Moja
🙂

#56 Mwalimu wa Fizikia
Hewa iliyobaki inajitoa yenyewe siku za mwanzo, kiwango kinashuka kisha kinatulia. Usiguse kitu wiki moja zaidi.

#57 Nati Moja
Au apime gesi kwa ile dawa ya bluu, tumalize. Hewa ya rejeta inapitishwa kwenye dawa, ikigeuka njano kuna moshi wa silinda ndani ya maji.

#58 Bisibisi Nyota
Njano ni kwa petroli. Kwa dizeli dawa hiyo huishia kijani. Asije akaona kijani akashangilia.

#59 Pikapu Kongwe
Nimepima leo jioni. Imebaki bluu.

#60 Nati Moja
Ulipima injini ikiwa imesimama tu hapo, haina mzigo. Ufa mdogo unafunguka ukipanda kilima umebeba. Pima ukiwa umetoka safari.

#61 Mzee wa Dizeli
Nyinyi mnaangalia mbele tu. Nyuma ya bloku, kati yake na giaboksi, kuna vizibo vya bati. Miaka ya maji ya bomba inavila kwa ndani. Kikianza kutoboka, maji yanaingia kwenye nyumba ya klachi, hutaona nje kitu kwa muda mrefu. Chini ya nyumba hiyo kwa kawaida kuna kitundu cha kumwaga. Ingiza waya uupekechue, uangalie unatoka na rangi gani.

#62 Kijana wa Grisi
Mzee usimtishe, hiyo ni kushusha giaboksi.

#63 Spana Kumi
Presha imekaa robo saa bila kusogea. Kizibo kilichotoboka kingeonekana kwenye mshale.

#64 Mzee wa Dizeli
Ikiwa baridi. Chuma kikipata moto kinatanuka.

#65 Bisibisi Nyota
Kuna za kinyume pia, zinavuja baridi na kujifunga zikipata moto. Klipu za kukaza kwa bisibisi, asubuhi ya baridi mpira unasinyaa na klipu haiufuati. Mleta mada, kaza zote tena injini ikiwa baridi. Zile za springi hazina shida hiyo, zinajikaza zenyewe.

#66 Pikapu Kongwe
Klipu nimekaza, mbili zilikubali nusu mzunguko. Waya nimeingiza kwenye kitundu cha nyumba ya klachi, umetoka na vumbi jeusi na unyevu kidogo kwenye ncha. Nimenusa, sijui kama ni tamu au ni mimi ninayetaka iwe tamu.

Siku ya tisa. Chupa imeshuka kidole kimoja na robo tangu mwanzo.

#67 Mwalimu wa Fizikia
Robo tu kwa siku tano! Inatulia.

#68 Nati Moja
Robo ya kidole cha nani?

#69 Pikapu Kongwe
Changu. Kesho nabeba mchanga, napanda kilima, nikirudi napima tena kwa ile dawa ya bluu.